Jiwe la Tabaka na Mvua ya Nyamira

Ukimtajia mtu wa Pwani jina la Kisii, la kwanza kumjia akilini ni ndizi, na la pili ni jiwe. Ni nadra kuingia nyumba ya Mombasa au Malindi usikute kitu kimoja cha jiwe hilo: kisahani cha sabuni, bakuli la kuwekea funguo, au kiboko kidogo cha rangi ya waridi kilicholetwa na mgeni kama zawadi, ambacho mwenye nyumba hajui akiweke wapi. Maduka yaliyo jirani na Ngome ya Yesu yamejaa vitu hivi, na wengi wetu tumevipita tangu utotoni bila kuuliza vinatoka katika ardhi ya namna gani wala vimepitia mikono ya nani.

Likizo ya Agosti sisi wanawake tisa, pamoja na watoto kumi na mmoja, tuliazimia kwenda kuuliza. Tulikuwa na shabaha nyingine pia, nayo ndiyo iliyotupa hima zaidi. Watoto wetu wanapenda kuchora na kufinyanga, na baadhi ya wazazi miongoni mwetu wamekuwa wakisitasita, wasijue wawaachie kiasi gani, kwa kuwa suala la sanamu za viumbe vyenye roho linafahamika katika nyumba zetu na hatuna haja ya kulirudia hapa. Tulisikia kwamba huko bara kuna mafundi wanaotengeneza umbo tupu, lisilo na uso wala kiumbe, tena nje uwanjani, na kwamba mvua na jua hushika sehemu ya kazi. Waandishi wa mambo ya sanaa huiita kazi ya namna hiyo sanaa dhahania. Tulitaka kuiona kwa macho yetu, na watoto waijaribu kwa mikono yao.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Tulipanda gari la moshi hadi Nairobi, tukalala, na asubuhi tukapanda basi lililoteremka Bonde la Ufa na kupita Narok na Bomet. Watoto walihesabu pundamilia hadi wakachoka, kisha wakalala, na walipoamka nchi ilikuwa imegeuka kijani mfululizo, vilima juu ya vilima, na kila kilima kimelimwa kutoka unyayo hadi utosi. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Sisi tuliozaliwa pembeni mwa maji ya chumvi tulivaa masweta mawili mawili, na wenyeji wakatucheka kwa adabu.

Hali ya hewa ya huko yafaa ielezwe kwanza, maana bila ya kuielewa kazi yao haieleweki. Asubuhi huwa na jua safi. Adhuhuri ikipita, mawingu hujikusanya, na alasiri mvua humwagika kwa nguvu, mara nyingi pamoja na radi. Sababu kubwa ni Ziwa Victoria lililo upande wa magharibi: unyevu wa ziwa hukutana na hewa inayopanda juu ya milima, nayo huurudisha chini kama mvua. Kwa mwaka nchi hii hupata zaidi ya milimita 1,500, na hakuna mwezi ulio mkavu kabisa kama tunavyoujua sisi ukavu wa kaskazi. Watu hupanga siku yao kwa kufuata saa hiyo ya mvua. Kufua, kuanika, kupaka nta na kusafirisha mizigo ni kazi za asubuhi.

Tabaka ni eneo lililo kusini magharibi mwa mji wa Kisii, katika Mugirango Kusini. Tulifika mapema, tukapokewa kwa salamu ya Ekegusii ya asubuhi, bwakire, ambayo watoto waliishika mara moja na wakaitumia mchana kutwa, hata jioni ilipokuwa haifai tena. Kando ya barabara vumbi jeupe limetanda juu ya majani ya migomba, juu ya paa za mabati, juu ya nywele za vijana wanaochonga chini ya vibanda visivyo na kuta. Kuna vikundi vya ushirika ambavyo vimekuwa vikiuza nje ya nchi kwa miaka mingi, mojawapo kikiwa SMOLART kilichoanzishwa mwaka 1990, na kuna mafundi wengi wanaofanya kazi peke yao nyuma ya nyumba zao.

Tulianzia machimboni. Juu kuna udongo mwekundu, chini yake ndipo jiwe lilipo, na lote huchimbwa kwa mkono, kwa sururu, mitaimbo, koleo na mapanga. Kuna jeupe, la kijivu, la manjano, la waridi, na lile la zambarau iliyofifia. Jeusi ni haba na fundi akilipata hulificha. Wekundu na uwaridi huo unatokana na chuma kilichomo katika mawe, kama kutu inavyotia rangi ukuta ulio chini ya mfereji uliotoboka. Wachongaji walituambia kuwa jeupe ndilo laini zaidi na la waridi huisumbua patasi. Mvua inayowasaidia kwa mambo mengine, hapa ni adui: kuta za mashimo zikilowa huporomoka, na machimbo haya yamewahi kuwafukia watu. Tuliwaweka watoto mbali na ukingo. Vijana waliokuwa chini walikuwa wakiimba, na mmoja akatuuliza kama kweli bahari ina chumvi au ni maneno ya watu.

Jiwe likitoka ardhini bado lina unyevu, na wakati huo ndipo linapokatika kwa wepesi. Likikauka huzidi ugumu. Kwa hiyo mchongaji hulimwagia maji kila mara, na maji yana faida tatu ambazo hatukuzijua. Hulainisha kazi. Hulaza vumbi, ambalo likiingia kifuani siku baada ya siku humdhuru mtu mapafu. Tuliwaona wengi wakichonga jiwe kavu bila kitambaa puani, na jambo hilo lilitukera. Faida ya tatu ndiyo iliyotusimamisha pale kwa muda mrefu. Jiwe kavu lililokatwa ni jeupe la vumbi tu, halionyeshi kitu. Likimwagiwa maji, mishipa yake yote hujitokeza: mistari ya kahawia, mawimbi ya waridi, madoa ya kijivu, kama sura ya mchanga wa Shela maji yakishatoka.

Mzee mmoja mwenye mvi alitueleza kuwa yeye hasumbuki kumwaga maji. Huyapanga mawe yake uwanjani jioni na kuiachia mvua. Asubuhi jua linapopanda huyakalia na kuyatazama yakikauka, maana jiwe halikauki kwa mara moja. Penye ufa hubaki mstari mweusi wa unyevu baada ya sehemu nyingine zote kukauka. Jiwe la namna hiyo halifai kwa kazi nyembamba, litavunjika mkononi. Zima huonyesha mkondo wake wa rangi, na yeye huufuata mkondo huo kwa kipande cha mkaa kabla haujapotea. "Mimi sichori," alisema. "Mvua imechora, mimi nawahi tu."

Aliyoyatengeneza hayakuwa na jina. Lilikuwepo umbo kama fundo la kamba lisilo na mwanzo, na jingine kama ganda la chaza lililosimama wima likiwa na tundu katikati, ambalo upepo ulipopita lilitoa sauti ndogo, na mtoto mmoja akaliwekea sikio kama tunavyofanya kwa makombe ya baharini. Tulimwuliza kama yanauzwa. Akasema wanyama huuzwa upesi: kiboko, twiga, ndovu, wateja hawachoki nao. Umbo tupu husubiri mteja wake mwaka, pengine miaka miwili. Hata hivyo watu wa Tabaka hawasahau kwamba mmoja wao, mchongaji Elkana Ong'esa, ndiye aliyechonga ndege wa jiwe aliyewekwa makao makuu ya UNESCO huko Paris. Ndege mwenyewe ameondolewa manyoya na mapambo, akabakia mkunjo wa jiwe tu. Wachongaji vijana wanamtaja kwa fahari kama sisi tunavyowataja mafundi wa majahazi.

Hapo mazungumzo yetu wenyewe yalianza, tumekaa juu ya magogo, watoto wakila ndizi. Mmoja wetu, aliyekulia Lamu, alikumbusha kwamba sisi hatukuwa wageni wa sanaa hii hata kidogo. Nyumba za mawe za karne ya 18 zina kuta za chokaa zilizochongwa zidaka safu kwa safu, na juu yake mapambo ya nyuzi, mafundo na maua yaliyopunguzwa hadi kuwa mistari. Hakuna uso katika kuta hizo. Mafundi wale walichukua matumbawe kutoka baharini, wakayachoma kuwa chokaa, wakaichonga ingali mbichi, kabla haijashikana, kwa sababu ile ile inayomfanya Mgusii aharakishe jiwe lingali na maji. Mwingine akamtaja Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye mitungi yake imo katika makumbusho makubwa ya dunia. Yeye huijenga kwa mikono bila gurudumu, huisugua hadi ing'are, kisha huuachia moto umalizie: ukichomwa penye hewa mtungi hutoka rangi ya chungwa, ukichomwa tena ndani ya moshi, hewa ikiwa haba, hutoka mweusi. Kwa maoni yetu wasichana wetu wafaa kulijua jina la mama huyo angalau sawa na wanavyoyajua majina ya waimbaji.

Lakini aliyetuingia moyoni zaidi Tabaka alikuwa mwanamke, naye hakuwa na jina katika kitabu chochote. Mgawanyo wa kazi huko ni huu: kwa kawaida wanaume huchonga, na wanawake huosha, hupiga msasa na kung'arisha. Wanawake huketi wakizunguka mabeseni ya maji, msasa mkali kwanza, kisha wa wastani, kisha laini, jiwe likitumbukizwa na kutolewa mara zisizohesabika, hadi maji yageuke maziwa na ncha za vidole zikunjamane. Baada ya hapo kitu huanikwa juani, na kikikauka kabisa hupakwa nta na kusuguliwa kwa kitambaa. Ni kazi yao ndiyo inayoifanya rangi ionekane, na ndiyo inayolipwa kidogo kuliko zote, kwa hesabu ya vipande.

Mama huyu alikuwa amepiga msasa tangu ujana wake. Alitueleza, bila ya kulalamika, kwamba siku moja alikiomba kikundi kimwachie vipande vilivyovunjika, vile ambavyo wanaume huvitupa. Alivipeleka nyumbani. Hakuwa na patasi, alikuwa na msasa na maji tu, hivyo alianza kuvisugua bila kuvikata, akifuata kingo za pale vilipovunjikia. Kilichotoka hakikuwa mnyama wala chombo. Jirani zake walimcheka. Mume wake alimwuliza kama mawe hayo yatapika. Aliendelea, usiku baada ya kuwalaza watoto, na vipande alivyotuonyesha vilikuwa vya ukubwa wa kiganja, laini kama sabuni iliyotumika nusu, kila kimoja na mkunjo wake, na vyote ukivishika mkono haupendi kuviachia. Sasa ameazima patasi. Bado kuna wanaume wanaomwambia kuwa kuchonga si kazi ya mwanamke. "Mimi nawajibu kwamba sichongi," alisema, "nasugua tu sana."

Tulimnunulia vipande vyote kumi na vinne alivyokuwa navyo, bila kupunguziana bei, na tukamwagiza vingine. Tunalitaja hili si kwa kujisifu, ila kwa sababu wasomaji wetu wengi hununua zawadi, na huwa tunajadiliana bei kwa ukali mno juu ya vitu ambavyo mtu amevishika mikononi siku nzima.

Siku ya tatu tulivuka kwenda Nyamira. Sehemu hiyo ilikuwa pamoja na Kisii hadi ilipotengwa kuwa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu 2013 ina serikali yake ya kaunti. Lugha ni moja na watu ni wamoja, lakini macho huona tofauti upesi, kwa kuwa hapa chai imeshika mabonde na miteremko, imepangika kama zulia lililonyolewa. Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye shamba dogo la chai karibu na Kebirigo na migomba nyuma ya jiko. Alituita dada zake tangu dakika ya kwanza, na alituwekea maji ya kutawadha na chumba cha kuswalia kabla hatujaomba.

Kazi ya watoto ilikuwa rahisi. Tulibeba vipande vya bafta nyeupe kutoka nyumbani, kila mtoto chake, na tukavitandaza juu ya nyasi asubuhi na mapema. Mwalimu akakata shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, na utomvu ukaanza kutona. Mama yeyote wa Pwani anaujua utomvu huo kwa uchungu, maana ukidondokea kanga hautoki hata ukifua kwa majivu. Ajabu yake ni kwamba hauna rangi unapotoka, ni kama maji mazito. Watoto walichovya vijiti na vidole, wakatia mistari, matone na mizunguko, na hawakuona kitu. Wengine walidhani tumewadanganya. Jua lilipopanda, mistari ilianza kujitokeza, kwanza manjano, kisha kahawia, hadi adhuhuri ikawa rangi ya kahawa, kwa kuwa ndani ya utomvu mna dawa ile ile iliyomo katika majani ya chai, ambayo ikipigwa na hewa huwa nyeusi na kushika nyuzi. Mtoto hawezi kusahihisha kitu asichokiona, na kwa hiyo hakuna aliyechora nyumba, wala mtu, wala gari. Kanuni moja tu tuliwapa, ya kutogusa macho.

Baada ya adhuhuri walinyunyiza udongo mwekundu na udongo wa kijivu wa kandokando ya mto, mkavu, uliochungwa. Tukasubiri mvua. Yuko Mwingereza mmoja, Andy Goldsworthy, msanii ambaye kwa miaka mingi amekuwa akilala chini mvua inapoanza na kuinuka ardhi ikishalowa, akaacha umbo kavu la mwili wake kwa dakika chache. Tuliwasimulia watoto, na wawili wakalala uani papo hapo. Ilibidi kuwainua kwa amri.

Mvua ilikuja saa tisa. Kwa dakika kumi ilikuwa kama tulivyotarajia, matone makubwa yakiuburuta udongo juu ya bafta na kuusambaza kama mito inayoonekana kutoka angani. Ghafla mlio ulibadilika juu ya mabati. Ilikuwa mvua ya mawe. Vidonge vya barafu vilirukaruka uani, watoto wakapiga mayowe ya furaha, maana wengi wao hawajawahi kuona barafu nje ya friji, na kila kidonge kilichoanguka juu ya kitambaa kilitoboa udongo na kuacha duara jeupe lenye ukingo mwekundu. Ilidumu kwa muda mfupi. Ilipokwisha, binti wa miaka tisa aliinua kitambaa chake, na kwa kweli hakuna miongoni mwetu aliyekuwa ameona kitu kizuri namna ile kwa muda mrefu: mistari ya kahawia chini, mikondo ya udongo juu, na madoa meupe yaliyotawanyika kama nyota.

Mwalimu hakuwa pamoja nasi. Alikuwa ametoka na gunia kichwani, anatembea kati ya mistari ya chai. Barafu ilikuwa imelichana lile jani changa, majani mawili na chipukizi, ambalo ndilo pekee linalochumwa na kupelekwa kiwandani, na mkulima hulipwa kwa kilo. Shamba lililochanwa hungoja majuma mengi kabla ya kuchipua vema. Watoto walimwona kutoka barazani. Hakuna aliyewaambia kitu. Yule binti alikikunja kitambaa chake, upande wenye rangi ukiwa ndani, akakiweka chini ya kiti. Mwalimu aliporudi, amelowa, aliuliza picha ziko wapi. Zikatolewa moja moja. Alikitazama kile cha binti kwa muda, akauliza, "Hii ndiyo mvua iliyokula chai yangu?" Binti akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akaomba apewe kimoja, hicho hicho, akakipigilia misumari juu ya mlango wa jiko lake. Alisema kama imechukua, basi na iache risiti.

Tumeulizwa tangu turudi kama mambo haya yawezekana nyumbani, kwa sisi tusio na mvua ya alasiri. Yawezekana. Migomba tunayo. Bafta ioshwe kwanza kwa maji moto na sabuni ili iondoke wanga, na mtoto avae nguo kuukuu, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja. Ipo njia nyingine tuliyoijaribu wiki iliyopita ambayo ilitufurahisha zaidi. Chemsha majani ya chai mengi hadi maji yawe mazito, yaache yapoe, choveka kitambaa na ukikamue. Kitandaze juani juu ya misumari, makopo na vipande vya bati vyenye kutu, ukinyunyizie maji ya chumvi ya bahari kila kikikaribia kukauka. Kutu ikikutana na chai huzaa weusi wa wino, na chumvi huiharakisha kutu. Siku mbili zatosha. Kitambaa kifuliwe peke yake, na misumari ikusanywe na mtu mzima kwa hesabu, iliyowekwa na iliyotolewa. Wakati wa kusi, upepo wenyewe hukunja kitambaa na kupeleka wino usikotarajiwa, kwa hiyo msikifunge kwa mawe pembe zote nne. Funga mbili tu.

Vile vipande kumi na vinne vya jiwe tumevigawana kwa kura. Kimoja kiko dirishani katika chumba cha kusomea watoto, na tunawaomba wanaokishika wasikipake mafuta ya nazi. Nta ya nyuki yatosha, mara moja kwa mwaka. Yule mama wa Tabaka ametupigia simu kuwa agizo la pili liko tayari kwa nusu, na nusu iliyobaki anangoja jiwe la waridi, kwa kuwa shimo alikokuwa akipata limejaa maji.